Folda Ambayo Haikuwepo

Nimeendesha basi huku Thy, kaskazini-magharibi mwa Denmark, zaidi ya miaka ishirini, na hakuna abiria aliyewahi kunitoa jasho kama lile dirisha jeusi la kompyuta, la kuandikia amri. Basi likikasirika linanguruma, linatoa moshi, unajua mmekosana. Dirisha lile linakaa kimya tu, linasubiri uandike upuuzi.

Njia yangu ya basi ilipofutwa, nikapata kazi ya majaribio kwenye kituo kidogo cha utafiti wa kome, ukingoni mwa mlangobahari wa Limfjord. Miezi mitatu, kisha Lisbet, bosi wetu, aamue kama nabaki au naondoka. Ijumaa moja ya Novemba ndiyo ingekuwa mwisho, na kazi ile niliitaka sana. Nani mwingine angemwajiri mwanamke wa umri wangu?

Aliyenifundisha ni Palle, fundi wa kompyuta mwenye ulimi mkali na soksi za sufu.

"Acha kuhamisha picha mojamoja, dereva," aliniambia. "Kwani abiria ulikuwa unawapeleka nyumbani mmojammoja?"

"Wengine walistahili kutembea."

"Haya, andika."

Akanionyesha skripti ni nini: unapanga amri zako kwenye faili moja, kompyuta inazifuata yenyewe kutoka juu hadi chini. Kisha akanionyesha namna ya kuiambia irudie: chukua picha ya kwanza, ifanye hivi, chukua inayofuata, ifanye vilevile, mpaka ziishe. Siku skripti yangu ya kwanza ilipobadilisha majina ya mamia ya picha kabla sijameza mate, nilipiga meza kwa furaha, kahawa ya Palle ikamwagika.

Jumatano ya wiki ile ya mwisho nikajiona mjuzi. Kaj, mzamiaji wetu, alikuwa amepiga picha za kome chini ya maji mwezi mzima wa Oktoba, nami nikataka kuzihamishia kwenye folda yao, Oktoba. Nikaandika mistari yangu michache, nikabonyeza. Kimya. Palle alikuwa ameniambia kimya ni dalili njema. Nikaenda kuifungua folda ya Oktoba, na folda haikuwepo. Palikuwa na faili moja tu, picha moja ya kome.

Sikuwa nimeitengeneza hiyo folda! Kompyuta, kwa utii wake wa kijinga, ikadhani Oktoba ni jina jipya la picha. Ikaipa jina hilo picha ya kwanza, ya pili ikaja ikakaa palepale na kuifuta ya kwanza, ya tatu ikaifuta ya pili, hivyohivyo mpaka ikabaki ya mwisho.

Mlango ukafunguka, akaingia Kaj, Lisbet nyuma yake.

"Picha zangu za Oktoba sizioni," Kaj akasema.

"Labda kamera imekorofisha tena," akasema Lisbet.

"Kamera gani hii, jamani! Basi, nazama tena leo."

Akaanza kuvaa suti yake ya kuzamia, akiguna kila alipokunja goti lake bovu. Nje upepo ulikuwa unapiga madirisha. Ningeweza kunyamaza. Kamera haina mdomo wa kujitetea. Lakini nilimtazama akihangaika na lile goti, nikaona nitajichukia.

"Si kamera," nikasema. "Ni mimi. Nimezifuta zote."

Palle akaja, akasoma mistari yangu.

"Hukutengeneza folda."

"Najua!" nikamfokea, machozi yakinilenga.

"Sasa ujue na hili. Kila usiku nanakili kila kitu kwenye kompyuta nyingine. Unadhani hapa nalipwa kwa uzuri wangu?"

"Ungekufa njaa," akasema Kaj, akiivua suti.

Kabla ya chakula cha mchana picha zote zilikuwa zimerudi. Palle akaniamuru niandike upya: tengeneza folda kwanza, jaribu kwenye nakala, ndipo uhamishe. Safari hii zilihama zote, na nilizikagua mpaka Palle akanicheka. Lakini Lisbet alikuwa hajaniambia neno, nami siku nzima sikuthubutu kumtazama usoni.

Jioni alinikuta navaa koti.

"Vibeke. Hapa anayeboronga analeta keki. Kaj ameshaleta, Palle ameleta mpaka tumenenepa."

"Sawa." "Nitaleta kesho."

"Kesho sipo, na Ijumaa wengine hawapo. Lete Jumatatu."

"Jumatatu mimi ndiye sitakuwepo, Lisbet. Majaribio yangu yanaisha Ijumaa."

"Najua yanaisha lini," akasema, akivuta zipu ya koti lake. "Nimesema Jumatatu. Na iwe ya krimu."