Idwal Apanda Mnara

Miezi minne baada ya Idwal kupasuliwa moyo, yeye na mkewe Eirlys walipakia hema garini, wakaenda kuzunguka pwani ya Wales. Eirlys ndiye aliyeendesha. Kila alfajiri aliamka kusikiliza kama mumewe anapumua.

Siku ya nne walifika kwenye ngome ya kale iliyojengwa juu ya mwamba. Eirlys alipokuwa akinunua tiketi, Idwal akatoweka.

"Mzee mwenye kofia nyekundu?" mlinzi wa lango alimwambia. "Kapanda mnara ule mrefu kitambo."

Eirlys akazikimbilia ngazi za mawe, nyembamba na za kuzunguka. Akaita, hakuna aliyeitika. Alipofika katikati pumzi zikamwishia, akaketi pale pale, machozi yakimtoka.

Ndipo akasikia viatu vikishuka polepole. Idwal akatokea, mashavu yamemwiva kwa upepo.

"Wewe mwanamume! Unataka kuniua?"

"Mimi? Mbona anayehema kama kondoo mwenye mimba ni wewe?"

Eirlys akamtandika kofi la bega, kisha akamwekea kiganja kifuani. Moyo ulidunda taratibu, sawasawa.

"Daktari si alisema nitembee?" Idwal akasema kwa upole. "Nimepumzika mara tatu, mke wangu. Sina neno."

Eirlys akajikuta anacheka, mabega yamemlegea kama aliyetuliwa mzigo.

"Basi nivute mkono," akasema. "Na mimi nikaione hiyo bahari."