Mkono Wangu Ulioungua

Tangazo kwa wananchi wote wa Mlandege, Darajani na kwingineko: mimi, Gharib Simai, mwanafunzi wa bweni niliye likizoni, nimejeruhiwa vibaya nikiwa kazini.

Nilitangaza hivyo mbele ya watu watatu na paka. Paka aliondoka kabla sijamaliza.

Watu wenyewe walikuwa mjomba wangu Mkadam, mpishi wa halwa niliyekuwa nikimsaidia jikoni. Ame, seremala wa mlango wa pili. Na Jaku, mfua nazi wa ng'ambo ya njia. Hao wawili walikuja mbio waliposikia kilio changu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa tangu kiwiko hadi vidoleni, chenye madoa mekundu ya kutisha.

"Pole," alisema Jaku. "Lakini hilo si jeraha. Tazama hapa." Akakunjua kiganja chenye kovu la duara. "Kifuo cha kufulia nazi kiliingia huku, kikatokea huku. Jioni nikala wali kwa mkono huu huu."

"Muongo mkubwa we!" alidakia Ame. "Ulilia mpaka mkeo akafunga madirisha, majirani wasidhani anakupiga."

"Na wewe uliyezimia msumeno ulipokula kidole?"

"Mimi nilizimia kwa heshima. Nilikaa chini kwanza."

Nilifurahi kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa. Isitoshe, Jumapili ilikuwa zamu ya mtaa wetu kubeba matofali Michenzani, kwenye majumba mapya, na mimi na wenzangu wa bwenini tulishapanga kwenda kuogelea Mangapwani. Majeruhi habebi tofali. Kama anaogelea, hakuna aliyeuliza.

Mjomba peke yake hakucheka. Alikuwa akikoroga halwa, mikono yake ina madoadoa kama kanga kwa matone yanayoruka sufuriani. Lakini kwa miaka ishirini hakuna msaidizi wake aliyewahi kuungua. Hakumruhusu mtu kushika mwiko bila shati la mikono mirefu, hata joto liwe la namna gani.

"Umeungua saa ngapi, baba?"

"Asubuhi, Mjomba. Ulipotoka kuchukua kuni."

"Basi kosa langu. Nimekuacha peke yako na moto."

Hapo akaingia Bwana Mabrouk, anayeandika majina ya wabeba matofali. Alinitazama, akakunja uso.

"Mkadam, jiko linalounguza watoto siliachi likiwaka. Zima, mpaka nije na wakubwa kulikagua."

"Bwana Mabrouk, harusi kesho! Halwa ya watu imo motoni tangu saa moja. Nikiizima sasa, ya kutupa."

"Watakula biskuti."

Mjomba alitua mwiko, akaenda kuchukua ndoo ya maji. Mimi nikawa naangalia dari, kama mtu anayehesabu boriti.

"Gharib," aliniita Jaku polepole.

"Naam."

"Kidonda chako kina wageni."

Nikatazama. Msafara wa sisimizi ulikuwa umepanda mguu wa benchi, umevuka goti langu, unaingia kitambaani kwa mpango kamili. Ame akainama, akanusa.

"Hiliki," alisema. "Damu ya kijana huyu inanukia hiliki."

"Na zafarani," aliongeza Jaku. "Kijana wa kifahari."

Mjomba alisimama na ndoo mkononi.

"Fungua," aliniambia.

Nikafungua. Mkono ulikuwa mzima kabisa, ila unanata.

"Nimedanganya, Mjomba," nilisema. "Sikuungua. Nilivaa mikono mirefu, nikasimama pale pale unaponisimamisha kila siku. Madoa haya ni ile halwa nyekundu ya jana. Nilitaka kwenda Mangapwani, basi. Bwana Mabrouk, jiko halina kosa, usilizime. Niandike mimi, Jumapili nitabeba matofali. Na halwa yenyewe niliichukua bila ruhusa, Mjomba. Iliyobaki ungenidai nikurudishie, lakini ile ya vidoleni nshailamba."