Mkono Katikati ya Barabara

Marehemu alikuwa makini kwa kila jambo isipokuwa barabara. Akienda kazini, akifika katikati, pale kwenye ukingo mwembamba unaogawa njia mbili, lazima ageuke ampungie mkono mkewe aliyeketi dirishani. Ng'ambo huegeshwa malori mstari mzima. Ukishafika huko, dirisha halionekani tena. Akikanywa, anacheka: "Magari yana breki, mke wangu." Sikio la kufa! Asubuhi moja aligeuka, akapunga, akarudi nyuma kidogo ili amwone vizuri, pikipiki ikamzoa.

Mkewe, fundi cherehani, hakuiondoa mashine yake dirishani. Majirani walimshangaa. Hawakujua kwamba binti yake, anayefua shuka katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, naye akifika katikati hugeuka. Bega lile lile limeinama upande, mkono ule ule umenyooka juu kama wa mtu anayesimamisha gari. Kwa kitambo kile fundi alimwona mumewe, akashiba siku nzima. Jioni alimkemea binti, ndiyo, lakini kwa midomo tu.

"Mama nawe! Mbona wewe ndiye unayeanza kupunga?" binti alimtania.

Fundi akajifanya anatafuta sindano.

Siku moja binti aligeuka, lori likapiga honi na breki kwa pamoja. Aliruka, kiatu kikabaki barabarani kimepondeka. Fundi aliona yote, mkono wake ungali juu. Mazoea yana taabu, na haya aliyalea mwenyewe. Kabla ya jua kutua alikuwa ameisukuma mashine hadi chumba cha nyuma, ikatazamana na ukuta.

"Kuanzia kesho usigeuke," alimwambia binti. "Dirishani hapatakuwa na mtu."

"Hata nikuchungulie kidogo tu?"

"Hata kidogo. Ukivuka, nipigie."

Asubuhi alishona mshono ukaenda upogo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: honi ililia nje, mguu wake ukagandia pedali. Alitamani kukimbilia dirishani. Alikishika kiti kwa mikono miwili, akabaki pale pale.

Simu ikaita.

"Nimevuka, mama. Sikugeuka."

"Vizuri, mwanangu. Kazi njema."

"Sikugeuka" ndilo neno alilokuwa akimwomba Mungu amjalie kulisikia. Akaiweka simu juu ya kitambaa, akalia kama siku ya mazishi, maana leo hata mumewe hakugeuka.