Kumfukia Noam

Kwao Siyu wanawake hawendi makaburini, kwa hiyo Bi Time alikuwa hajapata kuona kaburi likiwa wazi mpaka siku ya kumzika Noam, mtoto wa Kiyahudi aliyemlea hapo Silver Spring, Marekani, tangu ana siku tisa. Alimnywesha uji wa mchele, akamfundisha kusema shikamoo, akamfunga kamba za viatu mpaka darasa la tatu, maana alikuwa mvivu wa vidole. Wakaja watu wa jeshi shuleni na fulana za bure, wakamwahidi chuo, akaingia jeshini. Miezi kumi na moja tu, akarudi sandukuni. Miaka ishirini hata hajatimiza.

"Kwetu watu wake ndio wanaomfukia, Time," Miriam, mama yake Noam, alimwambia asubuhi. "Mpaka sanduku lisionekane. Usiache mashine imguse mwanangu."

"Haimgusi."

Basi wakaja waheshimiwa. Mmoja, mnene, tai ya buluu, akahutubia robo saa nzima juu ya shujaa. Shujaa! Mtoto aliyekuwa akijificha chini ya meza fataki za sikukuu zikilia. Wanawe wawili bwana huyo, wazima kama mafahali, walisimama nyuma yake wakichezea simu. Vita alivipigia kura yeye, kufa akamwachia mtoto wa Miriam.

Mheshimiwa akashika beleshi kwa ncha za vidole, akamwaga udongo wa kujaza kikombe cha kahawa, akageuza uso apigwe picha, akapangusa viatu. Wenzake nao vivyo hivyo, kisha wakaelekea magarini. Sanduku bado linaonekana, na dereva wa tingatinga keshawasha injini. Miriam akajaribu kuinua beleshi, likamshinda.

"Bibi, twende, watu wanaondoka," akasema Nuha, mjukuu wa Bi Time.

"Watu gani? Mimi naona suti tu. Nishikie mkoba."

Akavua viatu, akapandisha buibui akalifunga kiunoni kama mtu anayefua, akaanza kuchota.

Mheshimiwa akarudi mbio. "Mama, utaumia. Kuna mashine ya kazi hiyo."

"Mashine ndiyo iliyomlea? Sogea, unanizibia udongo."

Akachota mpaka mbao zikapotea. Dereva akazima injini. Mpiga picha alipoinua kamera, mheshimiwa akanyoosha mkono apokee beleshi. Bi Time akalichomeka udongoni, kama Miriam alivyomwelekeza, maana kwao Wayahudi halipokewi mkono kwa mkono. Nuha akaweka mkoba chini, akalichomoa.

Mkono wa mheshimiwa ukabaki hewani, mtupu.