Sumaku ya Pili

Mtaa ulimwita Mikogo, na jina hilo hakulipata bure. Miaka nenda rudi alimtambia shemeji yake, kaka wa mkewe, kwamba mashine yake ya kuchongea chuma, ile ya stoo ya uani, huzunguka mara elfu tatu kwa dakika. Ukweli ulikuwa nusu ya hapo. Shemeji alipoahidi kuja kujionea, Mikogo akaenda kununua sensa ya spidi, kifaa cha kuhesabu mizunguko. Ya mwanga aliikataa, maana huhesabu alama nyeupe, na alama mbili angeziona kila mwenye macho. Akachukua ya sumaku. Shafti, ule mhimili unaozunguka, ilihitaji sumaku moja tu. Yeye akabandika mbili, kila mzunguko uhesabiwe mara mbili, akazipaka rangi ya shafti zisionekane.

Shemeji alifika, kioo cha sensa kikaonyesha elfu tatu, Mikogo akavimba kichwa. Akachonga kipande cha chuma kwa mbwembwe, kisha akazima.

Shafti iliposimama, ilikuwa imeota ndevu mbili za vumbi la chuma, moja kila upande, pale pale penye sumaku. Mikogo alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Kaka, ni kweli elfu tatu?” mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

Shemeji alichukua kitambaa, akazifuta ndevu zote mbili taratibu.

“Kweli, dada,” alisema, bila kumtazama Mikogo. “Mumeo hasemi uongo.”