Feni Iliyovuma Kinyume

Gari lilikuwa limechemsha tena, mara ya tatu tangu feni ya rejeta ibadilishwe, na bado fundi magari alikuwa anaongea na shemeji wa mwenye gari, mama mwenyewe akiwa amesimama pale pale.

"Mwambie shemeji yako apunguze mwendo," alisema fundi. "Feni ni mpya, si unaiona inazunguka?"

Shemeji, ambaye hata tairi hajawahi kubadilisha, akaitikia kwa kichwa kama mtaalamu.

Hasira zikampanda yule mama. Miaka kumi na miwili anatengeneza majokofu, leo anasemewa pembeni kama mtoto! Alichomoa kwenye mkoba kadi ya gereji, akaisogeza mbele ya rejeta. Feni isiyo na hitilafu huvuta hewa kwenda ndani, kwa hiyo kadi ilitakiwa inate pale. Badala yake ilirushwa nje, ikampiga shemeji kifuani.

Fundi akainama chini ya boneti. Nyaya mbili za feni alikuwa ameziunga kinyume kwa mikono yake mwenyewe, na kwa wiki nzima feni ilikuwa ikishindana na upepo wa barabarani.

"Samahani sana, mama," alisema, safari hii akimtazama usoni.

Mama alimgeukia shemeji yake.

"Mwambie fundi azime gari, azigeuze hizo nyaya. Halafu mwambie apunguze mwendo."