Mbao za Darlys

Kiharusi kilimpata Gaylen Tostrud theluji ikiwa bado haijaisha mitaroni, na kilipomwachia kiliondoka na mkono wake wa kulia. Akili hakikuigusa. Daktari alimhakikishia hivyo Darlys, mkewe, na katika miezi iliyofuata Darlys aliyakumbuka sana maneno hayo.

Ikabidi waliache shamba, wahamie nyumba ndogo mjini, karibu na zahanati. Kule shambani Gaylen alikuwa na banda refu alimokuwa akijaza upya maganda ya risasi zake za kuwindia kulungu, na Jumamosi wanaume wa upande ule wa Montana hawakuwa na pengine pa kwenda. Kila chombo kilikuwa na mahali pake, kimekazwa mezani kwa bolti: mashine ya kushindilia, jiliwa la kubania vyuma, kifaa cha kukatia midomo ya maganda. Banda la mjini lilitosha gari na kimeza kifupi tu. Vyombo vikabaki masandukuni, na Gaylen akabaki dirishani amenuna, sahani anaisukuma. Merle Aasen, rafiki yake tangu ujana, alikuja kumwona, akakuta hakuna mazungumzo, akaadimika.

Darlys alimpigia simu mwana wao Rodney, aliyekuwa akiishi Billings, akamwomba aje aijenge upya meza ile. Rodney akamjibu kwamba mzee aachwe apumzike, atafutiwe televisheni. Baadaye, labda nafsi ilimsuta, akatuma kwa posta sanduku la bolti, nene mno, zisizoingia popote.

Basi Darlys akaifanya kazi mwenyewe. Alikuwa mshonaji wa mablanketi ya viraka, amezoea cherehani moja kubadilishwa vyuma kulingana na mshono. Akajiambia kwamba kama cherehani inaweza, meza nayo itaweza. Gaylen akipelekwa kunyooshwa viungo, yeye alikuwa bandani na keekee ya kutobolea. Alikaza mezani bamba la chuma lenye mifereji miwili pembeni. Kila chombo akakifunga juu ya ubao wake, ubao ukasereka katika mifereji ile mithili ya mtoto wa meza, kisha ukabanwa kwa vishikio viwili vikubwa, vya kuzungusha kwa mkono wa kushoto bila spana. Ubao wa kwanza ulicheza. Wa pili ulikwama. Aliharibu rafu nzima ya jikoni na kujichuna kidole gumba, mpaka akajifunza kwamba ubao lazima usuguliwe nta ya mshumaa, na kwamba matundu yatobolewe ubao na bamba vikiwa vimeshikana, la sivyo hayakutani kamwe.

Siku alipomwonyesha, Gaylen aliitazama meza kitambo. Akausukuma ubao wa mashine kwa mkono wake mzima, akazungusha vishikio, akauvuta mpini. Mashine haikutikisika. Akauchomoa ubao ule, akaweka wa jiliwa, akaurudisha ule wa kwanza. Hakusema asante, lakini jioni ile alikula akamaliza, na Darlys akaona ameshalipwa.

Merle aliposikia alirudi, tena na wenzake. Jumamosi ikawa Jumamosi tena. Darlys alikuwa anaingia na sinia la kahawa aliposikia Merle akiuliza fundi ni nani.

"Kazi ya Rodney hiyo," Gaylen akasema. "Hata bolti alizituma yeye."

"Ama kweli mtoto wa nyoka ni nyoka," Merle akasema, na wote wakacheka.

Darlys akamimina kahawa. Alingoja hadi gari la mwisho likaondoka.

"Gaylen, meza ile nimeitengeneza mimi."

"Najua."

Darlys alidhani mumewe hakumsikia vizuri, akarudia.

"Najua, mama. Nilikiona kidole chako." Gaylen akageuzia uso ukutani. "Ulitaka niwaambie nini? Kwamba mkono umekufa, na sasa mke wangu ndiye ananifungia vyombo? Wakishaanza kunihurumia hawaji tena."

"Na mimi je?"

"Wewe utakwenda wapi?"

Darlys akageuka akaenda jikoni. Aliosha vikombe, akavifuta, akavipanga.

Rodney alikuja Siku ya Shukrani, sikukuu ya Novemba. Merle alipita kusalimu, akamsifu mbele ya bata mzinga wa sikukuu, akamwomba naye amtengenezee meza kama ile. Rodney alimtazama baba yake, akaona anavyomkazia macho, akaelewa upesi kuliko mama yake alivyotarajia.

"Haina shida, mzee Merle. Nikipata nafasi."

Baadaye alimfuata mama yake jikoni, akamuuliza kwa sauti ya chini bamba lile alilipata wapi. Darlys akamwambia akamuulize fundi aliyesifiwa mezani.

Katikati ya majira ya baridi ukavuma upepo wa joto unaoshuka kutoka milimani, theluji ikayeyuka ghafla, na unyevu ukaingia kila mahali. Ubao wa mashine ukavimba, ukakwama mferejini. Ilikuwa Jumamosi, na wanaume walikuwa wamejaa bandani. Walivuta kwa zamu. Gaylen akaagiza Rodney apigiwe simu, na Rodney akababaika kwenye kipaza sauti cha simu, mara jaribuni mafuta, mara gongeni kwa chini. Darlys alikuwa jikoni anamenya viazi, mlango uko wazi, anasikia yote. Alijua ubao ulihitaji joto kidogo, nta, na kusukumwa mbele kwanza kabla ya kuvutwa.

Hatimaye Gaylen akaita, "Mama."

Darlys akaweka kisu chini, akaenda akasimama mlangoni. Wanaume wakamgeukia. Gaylen alimtazama, midomo ikacheza, na kwa muda ule mfupi Darlys alikuwa tayari kumsamehe kila kitu.

"Tuletee kahawa," Gaylen akasema.

Aliwaletea. Alipokuwa akirudi jikoni alisikia nyundo, kisha chuma kikipasuka. Ukingo wa bamba ulikuwa umeng'oka pamoja na kipande cha meza.

Merle akaahidi kwamba Rodney akija atarekebisha. Rodney hakuja. Jumamosi zikapungua watu, zikaisha, na Gaylen akarudi dirishani. Darlys alijiunga na wanawake wanaoshona katika chumba cha chini ya kanisa, akawa harudi mpaka wakati wa kupika. Hakuna aliyemuuliza kuhusu meza, naye hakumwambia mtu.

Mwaka tangu kiharusi ulikuwa umekaribia kutimia Gaylen alipozungumza, wakiwa mezani, bila kuinua macho.

"Lile bamba. Unaweza kulitengeneza?"

"Naweza," Darlys akasema.

Akaivuta sahani ya mumewe, akamkatia nyama vipande vidogo kama alivyozoea, akairudisha mbele yake. Gaylen alingoja aseme atalitengeneza lini. Darlys alikuwa ameshaanza kula.